Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mizinga ya Uani na Aprili Isiyo Yetu

Assalaam aleikum, wanachama wenzangu.

Hesabu atazisoma mhazini, na mahudhurio yamo katika taarifa ya katibu, kwa hiyo hayo nayapita. Nimesimama kusema lile ambalo wengi wenu mmekuwa mkinong'onezana tangu kipupwe: mizinga ya nyuki tuliyowagawia wanachama wapya waiweke uani, mingi imekaa mitupu. Kosa ni la uongozi, na sehemu kubwa ya kosa hilo ni yangu mimi.

Mtakumbuka ilivyokuwa. Mwezi wa Machi zilizunguka kwenye simu zetu video za wafugaji wa Uingereza, na wote walikuwa na neno moja: anayeanza, aanze majira ya machipuko, Aprili, maua yakifunguka. Wanasema kweli, kwa kwao. Kule nyuki wamejikunyata miezi yote ya baridi wakila akiba yao ya asali. Jua likirudi na miti ikachanua, kundi linaongezeka haraka, na mwanagenzi hununua kikundi kidogo chenye malkia wake, msimu mzima ukiwa bado uko mbele. Mimi nikaona fundi keshamaliza mizinga, ya nini kungoja? Tukagawa Aprili.

Aprili ya Pemba! Masika yameshika, mvua inapiga tangu alfajiri, nyuki hatoki, na ua likifunguka mbochi wake, ule utamu wanaoufuata nyuki, unaoshwa na maji. Mwanachama mmoja wa Konde alihamisha bumba zima la nyuki kutoka kwenye mwembe wa jirani, akafurahi siku kumi. Siku ya kumi na moja aliinua kifuniko akakuta vibao vya kujengea masega vitupu, mjusi kafiri mmoja na harufu ya ukungu. Nyuki wetu hawabembelezwi. Wakiona njaa au unyevu huhama, hawangoji wafe.

Machipuko yetu huja masika yakishaondoka. Kuanzia Juni ardhi inakauka, kipupwe kinaingia na miembe inaanza kutoa maua. Hapo ndipo mzinga uwe umeshatundikwa. Minazi haingoji msimu, inachanua mwaka mzima, nayo ndiyo inayowashikilia nyuki miezi mingine. Wapo walioniuliza: na mikarafuu je? Karafuu tunayoianika ni ua ambalo halijafunguka. Shamba lililochumwa vizuri halimwachii nyuki kitu, labda yale mashada ya juu yaliyowashinda wachumaji. Mzinga chini ya mkarafuu unapata kivuli, basi.

Sisi hatununui nyuki, tunawangoja waje wenyewe. Yeyusha nta upake vibao, kisha fikicha majani ya mchaichai usugue ndani ya mzinga. Harufu yake inakaribia ile wanayoitoa nyuki kuitana nyumbani. Miguu ya kichanja iwe ndani ya makopo yenye oili chafu, maana sisimizi na majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, hawana huruma. Weka sinia la maji lenye mawe ya kutulia, la sivyo nyuki wako watakwenda kunywa kwenye ndoo ya jirani, na jirani atakuja kwako, si kwa nyuki.

Sasa vibao. Jambo hili dogo limetutesa kuliko mvua. Kipimo tulichompa fundi tulikitoa kwenye zile zile video: upana wa milimita 35, ambao unawafaa nyuki wa Ulaya. Nyuki wetu ni wadogo zaidi, masega yao yanakaribiana, na kibao chao ni milimita 32. Tofauti ni unene wa sarafu moja au mbili, lakini nyuki wanaiona. Kwa wale waliobahatika kupata nyuki, masega yameanzia kibao kimoja yakapindia cha pili na cha tatu, na ukitaka kuinua kimoja unararua majana, yaani watoto wa nyuki, na asali kwa pamoja. Fundi hana lawama. Alikata alichoambiwa.

La tatu linanihusu mwenyewe, na bora mlisikie kwangu. Septemba nilifungua mzinga wangu saa nne asubuhi, jua kali, kwa kuwa mchana nilikuwa na safari ya Chake. Ni pupa tu. Kazi hiyo ingengoja jioni. Hatua kama kumi na tano kutoka hapo jirani alikuwa amefunga mbuzi kwenye mnazi. Nyuki walipochacha mimi nilikimbilia ndani, watoto walikimbia, mbuzi hakuweza. Aliuzunguka mnazi mpaka kamba ikaisha. Nimemlipa mbuzi wake, naye amenisamehe, ila hadi leo akipita mbele ya nyumba yangu anakohoa kwanza.

Kwa hiyo kuanzia sasa mwanachama hapewi mzinga wa uani mpaka watu wawili wa kamati wamekwenda kuangalia kiambo chake. Wataangalia kama kuna uzio wa miti au ukuta unaompita mtu kimo, ili nyuki waruke juu ya vichwa. Kama mlango wa mzinga umeipa njia mgongo. Na kama hakuna mnyama wa kamba karibu. Majirani waulizwe kabla, wasije wakaarifiwa baadaye. Viambo vyetu vingine vimebanana mno, na hapo jibu ni hapana. Mzinga uende shamba. Kufungua ni jua likizama, wawili wawili, kwa moshi wa makumbi makavu ya nazi. Mwenge wa makuti hatuutaki tena. Unaua nyuki, na hatujui utachoma nini kingine.

Kuhusu asali, kulikuwa na chupa zilizochachuka, na wateja walizirudisha. Sababu ni kurina masega ambayo nyuki hawajayafunika. Asali hiyo bado ina maji mengi. Rina yaliyofunikwa, acha mengine kwa wenyewe, chuja kwa kitambaa safi, na usikamue pamoja na majana. Na mkiuza, mwambieni mama mwenye mtoto mchanga kwamba asali hapewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kama bibi kasema.

Mizinga mitupu irudishwe kabla masika hayajaanza, ikaushwe, ikae juu ya dari mpaka mwisho wa Mei. Vibao vipya viko kwa fundi, vinapasuliwa wiki ijayo. Atakayekwenda kuchukua vyake aende na rula.