Risala ya vijana wanaojifunza useremala kwa mgeni rasmi, Daraja la Cornish–Windsor

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, kina mama na kina baba, shikamooni.

Sisi vijana wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi hapa jimbo la New Hampshire, Marekani, tunakushukuru kwa kufunga safari hadi ukingoni mwa mto Connecticut. Hatukukukaribisha ukumbini kwa sababu kazi tunayojifunza imesimama hapa mbele ya macho yako: daraja hili la mbao lenye kuta na paa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mto huu ulikwisha kuzoa madaraja matatu mahali hapa, la kwanza likiwa limejengwa mwaka 1796. Hili la nne lilijengwa mwaka 1866 na mafundi James Tasker na Bela Fletcher, kwa dola 9,000. Lina urefu wa futi 449, yaani karibu mita 137, na katikati ya maji limeegemea nguzo moja tu. Kuta zake zimefumwa kwa boriti zilizopishana kama wavu, mtindo ambao msanifu majengo Ithiel Town aliupatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1820. Mafundi hawakuanzia mtoni. Walizipima na kuziunga boriti kwanza kwenye uwanda wa majani kando ya mji wa Windsor, ng'ambo ya mto, ndipo wakazileta hapa. Ukiingia ndani, tunakuomba uguse pale boriti mbili zinapokutana: kila moja imechongwa pengo, nyingine ikalala humo.

Wengi wetu tulidhani paa ni la kuwakinga wapita njia. Mwalimu wetu akatufundisha kwamba linakinga maungio hayo, kwani maji yakituama kwenye pengo, mbao huoza kuanzia ndani. Mlangoni pia kuna kibao cha zamani kinachowaamuru wenye farasi watembee polepole, la sivyo walipe faini ya dola 2. Sababu ni kwamba kwato za farasi waendao mbio zilitikisa daraja zima.

Watu walivuka kwa kulipa hadi mwaka 1943. Baadaye daraja lilianza kubonyea, likafungwa mwaka 1987, likakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1989. Leo magari yanapita.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunalo ombi moja. Tunataka kujenga daraja la mfano la futi 12, kwa maungio haya haya, tukichonga kwa mkono. Mbao tumeshapata. Tumepungukiwa patasi, nyundo za mbao na misumeno ya mkono, kwani sasa vijana wanne wanapokezana patasi moja.

Tunaomba kuwasilisha.