Hita izimwe kabla ya methanoli

Mhariri,

Wanaogeuza mafuta yaliyokaangia samaki kuwa dizeli hapa Mtwara wasichovye hita ya maji isiyo na themostati, yaani kifaa kinachokata umeme joto likifika kiwango kilichowekwa. Methanoli, ile spiriti inayochanganywa na mafuta hayo ili yawe dizeli, huchemka kwenye nyuzi 65, na mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu ya swichi. Lita 100 za mafuta, kwa hita ya kilowati 2, hufika nyuzi 55 kwa dakika 40 hivi. Koroga muda wote, la sivyo themostati itasoma mafuta baridi huku yaliyogusa koili yakiungua. Koili ikichomoza juu ya mafuta huwa nyekundu. Hapo moto hauko mbali. Zima hita, ichomoe, ndipo umimine methanoli lita 20 iliyokwisha kuchanganywa na kostiki (soda kali). Pipa la chuma liwe na waya wa ethi, swichi ikae nje ya banda.

Msomaji, Mtwara