Mtoto Mweusi Marekani: "soma kwa bidii" haitoshi

Mhariri,

Wazazi wengi waliohamia Marekani kutoka kwetu humwambia mtoto asome na awe na adabu, basi. Haitoshi. Tamir Rice, mvulana Mweusi, alikuwa na miaka 12 polisi walipompiga risasi mjini Cleveland, Novemba 2014, akichezea bastola ya bandia.

Wamarekani Weusi wana somo lao la nyumbani, nasi tujifunze kwao. Kijana akisimamishwa na polisi akiwa garini: azime injini, awashe taa ya ndani, mikono yote miwili juu ya usukani. Aseme kwanza, "Leseni iko mfukoni, naitoa," ndipo apeleke mkono, polepole. Kosa kubwa ni kukurupuka kupekua droo ya dashibodi kabla ya kuulizwa. Lifanyeni zoezi hilo mara kwa mara, maana hofu ikimshika hatakumbuka maneno matupu.

Ila tahadhari peke yake humjaza mtoto woga. Itanguliwe na fahari ya asili yake na lugha yake. Na ule ukali wetu wa "nyamaza, usiulize" ni hatari: asiyeruhusiwa kuuliza nyumbani hatasimulia alivyobaguliwa darasani. Akisimulia, msikilize hadi mwisho, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, kisha mwandikie mwalimu mkuu ili pawe na kumbukumbu.

Mlezi wa vijana,
Minneapolis, Marekani