Barua kwa mwanangu anayefungua kinu cha alizeti Kibaigwa

Mbukwa mwanangu,

Orodha yako ya wafanyakazi nimeipata. Vijana wanne wa mashine, mshahara wa mwezi. Kina mama sita wa kupepeta, malipo kwa gunia. Chini yake umeandika kwamba kinuni kwako hakuna atakayebaguliwa, na najua umeandika kwa moyo safi. Ila ubaguzi umeshaingia, na umepitia kwenye hiyo mistari miwili ya juu.

Shika kalamu tupige hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku. Ukitaka kujua saa moja ya mtu wa mshahara wa mwezi ni shilingi ngapi, unagawa mshahara wake kwa 195, yaani saa 45 mara wiki 4.333. Tuseme kijana wa mashine unampa 273,000. Saa yake ni 1,400. Mpepetaji tuseme unampa 1,200 kwa gunia, na siku nzuri anamaliza magunia saba. Hiyo ni 8,400. Gawa kwa saa tisa, unapata 933. Sasa njoo siku mbaya. Alizeti iliyopigwa juu ya udongo badala ya turubai inakuja na mchanga, vijiti na vichwa vilivyovunjikavunjika, na mama wa watu hafikishi zaidi ya magunia manne. Saa yake imeshuka hadi 533, na uchafu huo hakuuleta yeye. Kijana wa mashine, umeme ukikatika, anakaa kivulini na 1,400 yake inaendelea kuhesabika.

Halafu gunia si kipimo. Lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita mdomo na kushonewa kilemba juu, inahesabiwa gunia moja, sawasawa na lile lililofungwa mdomoni. Mimi ningefuta malipo ya gunia kabisa, wote kumi wawe wa mwezi. Ukishindwa msimu huu wa kwanza, basi pima kwa kilo kabla ya kupepeta, kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, tena weka kiwango cha chini cha siku ambacho mpepetaji anakipata hata mzigo ukiwa mchafu vipi. Kiwango hicho kisiwe chini ya amri ya kima cha chini cha mshahara ya sekta yako. Nenda kwa afisa kazi Dodoma mjini akuonyeshe amri inayotumika sasa. Usichukue za kuambiwa na wenye vinu wenzako.

Utaniambia kupepeta ni kazi nyepesi. Nani kakwambia? Angalia ile parafujo kubwa inayosukuma mbegu ndani ya mashine. Kinachoila haraka ni mchanga, na kokoto moja inatosha kuijeruhi. Mpepetaji mzuri anautoa mchanga kwa chekeche, anatenga mapepe kwa ungo, kisha anatafuna mbegu mbili tatu: ikipasuka kwa mlio, imekauka, ikilalia jino, bado mbichi, irudi juani, la sivyo mashine itaziba na mafuta yatatoka kiduchu. Hao sita ndio walinzi wa mtaji wako, na wanafanya kazi hiyo katikati ya vumbi. Nunua barakoa, na wakae upande ambao upepo unatoka, si unakoelekea.

Neno "vibarua" nalo lifute kwenye daftari. Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka huohuo wa 2004, inasema mtu akikufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi ni siku tano tu! Kwa hiyo wape wote maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, imeanza lini, saa ngapi, malipo yanakokotolewaje. Waandikishe wote NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi nusu yake. Kinachoharibika kwenye vinu vingi ni kwamba wanaume ndio huandikishwa kwa kuwa "ni wa kudumu", na mwanamke aliyepepeta miaka sita anaondoka bila mchango hata mmoja.

Kwenye mashine nataka uwafundishe angalau wawili kati ya hao sita. Msimamizi wako atakupa sababu mbili. Ya kwanza, khanga itanaswa na mkanda. Kweli itanaswa, na shati la mwanamume lililofunguliwa vifungo pia litanaswa. Dawa yake ni wavu wa kufunika mkanda na ovaroli iliyomkaa mtu. Ya pili, hawawezi kubeba gunia la kilo sabini. Kuendesha mashine si kubeba magunia. Kazi yenyewe ni kuisikiliza inavyonguruma, kutazama mashudu, yaani makapi ya mbegu iliyokamuliwa, yanatoka makavu au bado yana mafuta, na kujua lini ukaze na lini ulegeze. Mbegu zinamiminwa kwa ndoo. Magunia nunua toroli, migongo ya hao vijana nayo si ya chuma.

Huyo msimamizi mwenyewe ndiye mahali pa kuangalia sana. Mtu anayeamua kila asubuhi nani aingie na nani arudi nyumbani ana silaha mkononi, na mwanamke anayehitaji siku hiyo ya kazi anaijua. Akidai ngono ili ampange mtu kazini, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya sheria ya rushwa ya 2007. Usisubiri lalamiko. Mnyang'anye hiyo silaha: ratiba ya wiki ibandikwe ukutani kila Jumamosi, zamu zizunguke kwa majina, na malipo yatoke kwako moja kwa moja hadi kwenye laini ya simu ya mfanyakazi mwenyewe, yenye jina lake. Yasipite kwa msimamizi. Wala kwa mume, hata akija na salamu nzuri.

Uzazi usikutishe. Mjamzito anatakiwa akupe taarifa miezi mitatu kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Ni kijana gani wa mashine atakayekupa miezi mitatu kabla ya kukimbilia machimbo? Likizo ya uzazi ya mama ni siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba naye ana siku tatu, usimcheke akiziomba. Miezi miwili kabla ya kujifungua, mama asipangwe zamu ya usiku, yaani saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Akirudi ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, kwa hiyo tenga chumba chenye mlango, mkeka na maji, mbali na vumbi. Na wakati wa kuajiri usimuulize mtu kama ana mimba au anatarajia kuolewa. Ile Sheria ya Ajira imetaja jinsia, ujauzito na hali ya ndoa kwa majina.

Choo cha wanawake kiwe na komeo la ndani na ndoo yenye mfuniko. Hili halihitaji aya ndefu.

Ovaroli usinunue za dukani kwa jumla, zote zimekatwa kwa mwili wa kiume, mikono inaning'inia na ndiyo hiyo inayonaswa. Nitumie vipimo vya wote kumi, urefu wa mkono na nyonga, nimpelekee fundi hapa Majengo. Mizani je, umeshaipata?

Mama yako