Tuachiwe jioni zetu

Mhariri,

Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei wa Nandi aliwasilisha mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu wala jumbe za kazi baada ya saa za kazi. Waajiri waliupinga vikali. Sielewi hofu yao: Ufaransa ina sheria ya aina hiyo tangu Januari 2017, na biashara huko zingali zinaendelea.

Tazama meza ya chakula cha jioni mjini. Ugali unapoa, baba kainamia simu, kidole gumba hakitulii, kwa kuwa saa tatu usiku bosi ameandika kwenye kundi la WhatsApp: "Tafadhali thibitisheni." Kuthibitisha nini? Mkutano wa Alhamisi! Mtoto anauliza swali mara mbili, anajibiwa "mmh".

Sisemi daktari wa zamu azime simu. Lakini karani wa mauzo? Huyo anashinda akijibu jumbe, na kazi yenyewe imelala.

Maseneta waurudishe mswada huo mezani. Nao mabosi, wakati tunasubiri, waandike jumbe zao asubuhi.

Msomaji,
Nakuru