Fonti Yako Iingie Ndani ya Kitabu cha Kielektroniki?

Waandishi wengi wanaotuletea miswada hapa Dodoma huwa wameshachagua fonti, na wanataka msomaji aione hiyohiyo kwenye simu yake. Kwa vitabu vingi, ushauri wetu ni kutoipachika fonti hiyo ndani ya kitabu. Faili la EPUB, yaani faili la kitabu cha kielektroniki, si karatasi: anayelisoma anaweza kukuza herufi, kubadili fonti, hata kugeuza ukurasa uwe mweusi usiku. Mzee mwenye macho hafifu atarudia herufi alizozizoea, na ni haki yake. Kiswahili nacho hakidai herufi za pekee; hata ng' ya ng'ombe huonekana vizuri kwenye simu yoyote. Tena fonti kamili ni mafaili manne (ya kawaida, nene, ya mlalo, na nene ya mlalo), na bando la kuyapakua analipa msomaji.

Kirangi ni habari nyingine kabisa. Ukiandika hadithi za Kondoa kwa lugha hiyo utahitaji ɨ na ʉ, ambazo fonti nyingi hazina. Simu moja itaonyesha kisanduku kitupu; nyingine itaazima herufi kutoka fonti tofauti, na neno Kɨlaangi, yaani Kirangi kwa Kirangi chenyewe, litaonekana limetiwa kiraka katikati. Watoto wanaojifunza kusoma lugha ya nyumbani kwao hawastahili kupewa ukurasa wa namna hiyo. Hapo tunapachika fonti bila kusita. Mara nyingi tunatumia fonti ziitwazo Charis au Andika, zote za SIL, shirika linaloshughulikia lugha. Andika ilibuniwa mahsusi kwa wanaoanza kusoma. Leseni yake, SIL Open Font License, inaruhusu fonti kuwekwa ndani ya kitabu hata kama kinauzwa. Aya za Kiarabu zenye irabu tunazishughulikia vivyo hivyo.

Leseni ndiyo inayosahaulika zaidi. EPUB kwa ndani ni faili la zip, yaani mafaili kadhaa yaliyofungashwa pamoja, na anayejua kulifungua anaweza kuichomoa fonti yako. Ndiyo maana ruhusa ya kuchapa kwenye karatasi mara nyingi haihusu kitabu cha kielektroniki, hata kama fonti uliinunua kwa fedha yako.

Kama unaipenda sana fonti fulani, iweke kwenye jalada. Jalada ni picha, kwa hiyo faili la fonti halisafiri na kitabu. Vichwa vya sura pia vinaweza kuitumia, leseni ikiruhusu.

Ukija na mswada, tuambie umeandikwa kwa lugha gani na fonti umeipata wapi. Kama uliinunua, njoo na leseni yake tuisome pamoja kabla kazi haijaanza.