Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: dereva teksi akimpiga mgeni kwenye nauli, tumripoti ili iwe nini?

Asalaam alaykum Mheshimiwa,

Samahani kwanza kwa kukuandikia huku mbele za watu, lakini njia nyengine nshazijaribu, barua nimeacha mara mbili na mara zote mbili nimeambiwa "tutakupigia", na simu yangu mpaka leo wanaonipigia ni wale wa mikopo tu. Mie nakaa mapokezi kwenye gesti ndogo Mji Mkongwe, Zanzibar, vyumba tisa, na nina daftari. Hilo daftari ndo lililonifanya niandike.

Ni daftari la skuli tu, la kurasa 96, nilianza kuandika kila mgeni anayefika mlangoni na kesi ya teksi. Tarehe, katokea wapi, kaambiwa bei gani, kalipishwa ngapi, namba ya gari kama kaishika. Wengi hawaishiki namba, wanakumbuka rangi ya gari na kwamba dereva alikuwa mcheshi. Ndo hivyo, wanaopiga ni wacheshi, yule mwenye kununa hana haja ya kukuchekea maana bei yake ni moja.

Sasa nikupe mfano mmoja tu, maana yote yanafanana kama maji ya mfereji mmoja. Walikuja mke na mume kutoka Poland, ndege ya usiku, wametoka uwanjani wamechoka hata macho hawayafungui vizuri. Dereva kawaambia "fifty". Wao wameshabadilisha pesa, wana noti za elfu kumi kumi mfukoni, wakajua elfu hamsini, wakaona sawa. Kutoka uwanja wa Karume mpaka Mji Mkongwe Mheshimiwa unajua mwenyewe, hata kilomita kumi hazifiki, daladala 505 inakwenda hukohuko kwa pesa ya karanga. Kufika mlangoni kwangu dereva anasema fifty ni dola. Dola hamsini! Hiyo kwa shilingi inapita laki na ushei. Yule mume anazozana, mke kakaa juu ya begi, mie nimetoka na khanga yangu nauliza kuna nini, na dereva kanigeukia kwa Kiswahili kizuri kabisa cha upole akanambia, "Dada, usiniharibie riziki."

Neno hilo lilinikaa. Sababu mie pia riziki yangu ni wageni hao hao, na huyo mgeni aliyenyonywa usiku wa kwanza anaanza kuniangalia na mie kama mwizi, anauliza chai ya asubuhi ni ya bure kweli au kuna kitu nyuma.

Wakalipa. Asubuhi nikasema hii siiachi, namba ya gari ninayo, nikaenda kuripoti. Ofisi sitoitaja, nia yangu si kumchomea mtu, na nadhani ningekwenda yoyote majibu yangekuwa hayo hayo. Nikaulizwa: mlalamikaji yuko wapi? Nikasema keshakwenda Nungwi, ijumaa anaondoka. Basi alete maelezo yake kwa maandishi na kopi ya paspoti. Nikawapigia, wakaandika, wakatuma kwenye simu, nikaprint kwa pesa yangu, nikarudi. Nikaulizwa: bei waliyokubaliana ni ngapi? Fifty. Fifty ya nini? Ndo hapo sasa. Kijana wa mezani, wala hakuwa mtu mbaya, akanambia dada, gari hazina mita, wamekubaliana wenyewe, mie nimshtaki kwa kosa gani, kusema fifty?

Na Mheshimiwa, pale ndo nilipoelewa kitu ambacho miaka yote nilikuwa sikielewi. Tunasema madereva wanaiba, lakini kuiba nauli lazima kuwe na nauli. Kama hakuna bei iliyobandikwa mahala na mgeni akaisoma kabla hajapanda, basi hakuna cha kuzidisha, kuna mapatano tu kati ya mtu anayejua na mtu asiyejua. Ripoti yangu ilikufa siku ile haijazaliwa. Si kwamba yule kijana alikula rushwa wala nini, hakuwa na pa kuishika tu.

La pili ni hiyo ijumaa. Kila kesi kwenye daftari langu ina ijumaa yake. Mgeni anakaa siku saba, kumi akizidi sana, na faili lenu linahitaji mtu wa kuja kusimama akasema ndio huyu. Anayepiga wageni analijua hilo kuliko sisi sote, ndo maana hampigi sheha wala mwalimu wa skuli ya Kikwajuni, maana hao kesho watamkuta Darajani. Anampiga mtu mwenye tiketi ya kurudi.

Sasa nisikilize kilichofuata, maana watu huwa wanasema kuripoti hakufanyi kitu, mie nakataa, kulifanya kitu. Wiki tatu baadae nipo mlangoni nanunua mkate wa ajemi, gari ile ile inapita taratibu, kioo kinashushwa. "Dada vipi, ulinisemea eeh?" Anacheka. Nani kamwambia jina langu sijui, barua ile ilipita mikononi mwa watu wangapi sijui. Baada ya hapo ikaanza: wageni wenye bukingi kwangu wanafika wamechelewa au hawafiki, na waliofika wanasema dereva kawaambia gesti yetu imefungwa inatiwa rangi, mara bomba limepasuka, twendeni nnapajua pazuri zaidi. Sina ushahidi kama ni yeye. Ila miezi miwili vyumba vitatu kila wiki viko tupu, na bosi wangu akanambia bibie, acha kuandika hayo mambo, tutafunga duka.

Kwa hiyo jibu ndo hilo kama ulikuwa unajiuliza mbona malalamiko yanayofika mezani kwako ni machache. Wala msijisifu kwamba hali imetulia.

Lakini kwenye daftari lote hilo ipo kesi moja ilofanikiwa, na nataka uijue kuliko zote. Bibi mmoja Mfaransa, mtu mzima, alichukua teksi kutoka bandarini Malindi akatozwa mara nne ya bei na juu yake kasahau kibegi chenye dawa zake za presha ndani ya gari. Namba hana. Safari hii sikwenda ofisini kokote, nilikwenda kwa mzee mmoja anayesimamia kituo cha teksi, kakaa chini ya mti na kahawa yake, nikamhadithia. Akauliza maswali mawili: gari lilikuwa na kipazia cha kijani? Dereva ana mwanya? Akapiga simu mbili. Baada ya saa moja na nusu kibegi kimerudi, pesa iliyozidi imerudi, na dereva mwenyewe kaja kumuomba radhi yule bibi huku kaangalia viatu vyake. Nasikia alikalishwa wiki nzima hapewi abiria pale. Hakuna faili, hakuna kopi ya paspoti, hakuna "tutalifanyia kazi".

Nimekaa nikajiuliza kwa nini. Naona ni kwa sababu yule mzee anamjua dereva, anamjua na mama yake, na kituo kikichafuka jina ni yeye atakayekaa chini ya mti bila abiria. Ofisi haimjui dereva na haipotezi kitu akiendelea. Basi ndo hivyo tu, mie sina elimu kubwa ya utawala.

Na nisiwe mnafiki, tafadhali. Hawa watu wa teksi nao wana yao. Anakaa uwanjani toka alasiri anasubiri ndege iliyochelewa mpaka saa nane za usiku, petroli yake, leseni yake, gari lenyewe mara nyengi si lake, ana hesabu ya kumpelekea tajiri. Masika ikiingia, April na May, hoteli za pwani zinafunga na yeye hana pa kufunga. Na kamisheni Mheshimiwa, hiyo kamisheni tunaila sote, hata gesti yetu dereva akituletea mgeni asiye na bukingi tunampa chake na tunakitia kwenye bei ya chumba. Papasi wa Forodhani, yule anayewazungusha wageni kwa kamisheni, naye ana fungu lake, duka la viungo lina fungu lake. Kwa hiyo ukinambia dereva ndo mwizi peke yake ntakukatalia. Ila kuna tofauti ya mtu aliyepandisha bei kwa njaa na mtu aliyesema fifty akijua vizuri kabisa anachokificha.

Mwaka 2024 serikali yenyewe ilitangaza wageni 736,755. Hebu fikiri, wengi wao mtu wa kwanza kuongea nae baada ya afisa wa uhamiaji ni dereva. Si wewe, si mie, si mpiga kinanda wa taarab. Dereva!

Na tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa nje lazima akate bima ya dola 44 kabla hajaingia. Hili nalitaja kwa sababu moja: maana yake mnamfikia. Mna imeili yake, mna siku yake ya kufika, mnaweza kumwambia kitu kabla hajapanda ndege. Basi mwambieni na nauli. Mstari mmoja tu kwenye ile ile karatasi ya bima, uwanjani mpaka Mji Mkongwe ni kiasi hichi kwa shilingi, mpaka Paje kiasi hichi, Nungwi kiasi hichi, usiku inaongezeka hivi. Mimi siamini kama hiyo ni kazi ya mwaka. Na bei yenyewe mkae na madereva muipange iwe ya kuishi, isiwe ya kujionyesha kwenye mkutano afu kila mtu aipuuze.

Bangkok wana kitu uwanjani kwao Suvarnabhumi, abiria anachukua kikaratasi kwenye mashine, kina jina la dereva na namba ya gari, anabaki nacho mkononi, na ipo namba ya simu ya kulalamikia, 1584. Sisemi Bangkok wamekuwa malaika, teksi za kule sifa zake zinajulikana dunia nzima. Lakini kile kikaratasi kinatatua ile shida yangu ya "nakumbuka alikuwa mcheshi". Mgeni akiondoka ijumaa kikaratasi kinabaki kwangu, na mie siendi popote, nipo hapa hapa mapokezi. Ndo nikuombe na hili: ruhusuni gesti au hoteli iweze kulalamika kwa niaba ya mgeni aliyekwisha kuondoka. Na jina la aliyeripoti lisimfikie aliyeripotiwa kabla hata wino haujakauka, kwa hili nakuomba sana, nna vyumba tisa tu.

Na wale wazee wa vituo wapeni nguvu kidogo, hata kitambulisho tu na kitabu cha kuandikia. Wanafanya kazi yenu bure.

Utasema dada huyu anatia chumvi. Basi jaribu mwenyewe. Mwaka 2005 meya wa Prague, Pavel Bém, alijivika kama mtalii wa Kitaliana akapanda teksi za mji wake mwenyewe, akatozwa zaidi ya mara tano ya nauli halali. Sisi bibi zetu walituhadithia Harun Rashid, khalifa wa Baghdad, anatoka usiku kwa nguo za maskini kusikiliza watu, tukadhani ni hadithi za kulalia tu. Weye sura yako inajulikana na Kiswahili chako kitakuponza, lakini huna mpwa aliyezaliwa Muscat au London? Basi umtume yeye. Mwambie asifungue mdomo mpaka afike.

Mie binamu yangu alifanya bila kukusudia. Kakulia Oman, kaja na mabegi matatu na miwani, kanyamaza kwa sababu alikuwa na mafua, dereva kamwambia forty dollar. Akaitikia kwa kichwa. Kufika hapa Mkunazini kashuka, kamtazama dereva, kamwambia, "Haya yakhe, nteremshie mabegi taratibu, na sasa nambie bei ya ukweli." Dereva kacheka mpaka kashika usukani. Bei ikawa elfu kumi na tano na akabeba mabegi mpaka juu.

Daftari lipo Mheshimiwa, kurasa za mwisho mwisho hizi. Ukitaka mtu wako aje kulisoma aje kati ya saa nne na saa sita asubuhi, wageni wanakuwa wameshatoka na bosi yuko sokoni. Nikimuona ana bahasha ya serikali mkononi ntamwambia gesti imefungwa inatiwa rangi, kwa hiyo aje mikono mitupu.

Wako,
Dada wa mapokezi, Mji Mkongwe